Banda la Macho ya Kinaai

Onotoa, 4 Oktoba 1998

Kwa mjukuu wangu Taotin,

Nakusalimu wewe na mumeo Moote. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka mbele ya mwili mwingine. Mwanao Kinaai mzima, anakula, anagombana na watoto wa jirani, meno mawili ya mbele yameng'oka na la tatu linacheza. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwita mchungaji wala mkewe, kwa hiyo ukikuta herufi imelala chini iache ilale. Nilisoma madarasa matatu na yananitosha.

Kwanza nikuulize. Miezi minne hakuna barua. Huko Kiritimati mlikwenda kukata mbata au mlikwenda kukatwa mikono? Serikali iliwapa ardhi, sikusikia kwamba iliwanyang'anya kalamu.

Habari za hapa ni jua. Mvua hatujaiona tangu mwezi wa tatu. Kisima cha nyuma kimegeuka chumvi, tunachota cha kanisa kwa zamu, ndoo mbili kwa nyumba. Mshelisheli alioupanda marehemu babu yako umepukutisha matunda yangali madogo kama ngumi ya mtoto. Mipapai yote mitatu imekufa imesimama. Uriam, yule mdogo wake babu yako, yupo na maneno yake, na nguruwe wake wanakula vizuri kuliko sisi.

Sasa neno lenyewe. Usikae kitako ukaanza kulia, soma mpaka mwisho.

Kinaai jua likizama haoni. Mchana ataiona sindano kwenye changarawe, lakini jioni anagonga nguzo. Juzi amekanyaga sufuria ya wali. Nilimchapa kofi, nikidhani ni uzembe. Kesho yake nikamwona anapapasa mkeka kutafuta sahani yake, na sahani iko mbele ya magoti yake. Mkono ule niliompigia nikauficha chini ya nguo kama vile kuna mtu ananitazama.

Nikampeleka kwa muuguzi Mareta. Akamfunua macho akasema yamekauka, ni upungufu wa chakula cha macho, vidonge vyake vimekwisha mpaka meli ije, na meli unaijua, inakuja ikipenda. Akasema kwa sasa nimpe papai, boga, maini ya samaki, na yai kila siku, na nisichelewe, kwa sababu jicho likikauka sana linapata kidonda, na kidonda cha jicho hakirudi nyuma. Papai nimekwambia. Boga halioti kwenye chumvi. Maini namlisha, anatapika. Limebaki yai.

Kuku ninao kumi na mmoja, lakini ni kuku wa Onotoa, hawana malezi. Wanalala juu ya miti ya mikadi, wanataga vichakani, yai tunalijua likishaliwa na panya. Basi nikasema nitajenga banda, niwafungie, watage mahali ninapopaona. Nilipanga mawe ya matumbawe mpaka kiunoni, nikaezeka makuti. Siku ya tatu mbwa wamechimba chini ya mawe wakala wawili. Wamebaki tisa.

Nataka waya. Ule wa matundu madogo wanaofungia kuku huko kwenu, na misumari. Sikuombi, nakuagiza, mimi ni bibi yako. Na usimwambie mtu habari ya macho. Hapa tunajua mimi na Mareta basi. Wakijua wengine watasema Akaiti amechoka, mtoto wa kulelewa amemshinda. Ulinipa mwanao akiwa na mwaka mmoja kama mila yetu inavyotaka, na sijamwangusha hata siku moja.

Bibi yako mwenye goti,
Akaiti


London, Kiritimati, 22 Novemba 1998

Bibi yangu,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini goti limepata nafuu. Moote anakusalimu sana. Tunaomba utusamehe kwa kimya. Tulihamishwa shamba, tukajenga upya, na ndege ya barua ilikatika wiki nyingi. Hapa kijijini London tu wazima. Watu wa Onotoa tunakutana Jumapili, tunaimba, wazee wanalalamika kwamba samaki wa huku hawana utamu wa kwetu, kisha wanamaliza sahani. Kwangu hakuna jipya.

Bibi, barua yako niliisoma mara tatu. Sikulia, au nililia kidogo. Naomba unijibu moja moja. Macho yote mawili au moja? Anayafikicha? Kuna weupe wowote, povu au doa? Meli imekuja? Mareta hakusema umpeleke Tarawa hospitali kubwa? Bibi, mpeleke. Tutatafuta nauli, usiwaze hilo.

Waya nimeupata. Ni mkunjo mmoja mzima, nimeufunga kwenye gunia pamoja na misumari, bawaba mbili za mlango na mbegu za boga. Nahodha wa meli ni mtu wa kwao Moote, ameahidi kuutunza. Utashukia Tarawa, halafu utaletwa na meli ya visiwa vya kusini.

Moote anasema, kwa heshima, banda lisikae chini. Linyanyue kwenye nguzo nne, urefu wa kiuno chako. Kila nguzo uivishe bati la kopo katikati, panya akifika pale kucha zinateleza. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kidogo, mavi yaanguke, uyatie kwenye shimo la magimbi. Kuku wakikataa kulala ndani, wafungie siku saba bila kuwatoa, uwape nazi iliyokunwa humo humo. Siku ya nane watarudi wenyewe. Lakini waya uzunguke pande zote, Bibi, hata chini ya sakafu. Huku tuna paka mwitu na tumejifunza kwa hasara. Palipo na fito tupu hupita kila kitu.

Mbusu Kinaai. Mwambie mama yake wa mbali anamwandalia mkeka.

Mjukuu wako,
Taotin


Onotoa, 17 Januari 1999

Kwa Taotin,

Salamu zenu zimefika na gunia limefika, limelowa upande mmoja lakini lilikuwa zima. Heri ya mwaka mpya, ingawa sioni upya wake. Mvua ilinyesha siku moja ya Krismasi, watu wakatoka nje wakasimama kama wajinga, ikaacha. Mzee wa kanisa aliyekuwa akikulea kwenye kwaya amefariki, tulimlalia matanga siku tatu. Goti vile vile.

Mwambie Moote nimemsikia, ingawa mimi nilikuwa natengeneza vichanja vya kulala watu kabla baba yake hajazaliwa. Banda limesimama. Nguzo nne za mnazi mkongwe, nimezishindilia mawe. Makopo ya nyama nimeyapasua, nimeyavisha kwenye nguzo, panya wa kwanza alianguka mbele ya macho yangu akaondoka kwa aibu. Sakafu fito, paa makuti mapya, na kuta nimezisuka kwa fito za makuti zikisimama karibu karibu, nikazifunga kwa kamba ya usumba niliyoisokota mwenyewe usiku na mchana. Hata mchungaji alisimama kutazama. Akasema ni nyumba ndogo ya watu. Nikamwambia wewe ingia ulale.

Kuku nimewafungia siku saba kama mlivyosema. Siku ya nne jogoo alilia mpaka jirani akaniuliza ninamtesa nani. Siku ya nane niliwafungulia, jioni wakarudi saba, wawili wakapanda mkadi. Wale wawili niliwafunga mguu kwa kamba siku tatu nyingine, sasa wana adabu. Mlango mwanzo niliweka juu, nikaona Kinaai hafiki, nikaubomoa nikauteremsha, na viota nimevipanga usawa wa kifua chake ili atie mkono mwenyewe. Anafurahi. Yai la kwanza alilibeba mikono miwili kama kitoto.

Anakula mayai. Meli ya vidonge haijafika. Hiyo iliyoleta gunia ilileta mchele, unga na tumbaku, vidonge hapana. Tarawa siendi, mimi na bahari tulishamalizana, na mtoto hatakwenda na mtu mwingine.

Waya ni mzuri. Ahsante.

Wewe nikuulize. Umeandika kwako hakuna jipya. Miaka mitano na mwanamume yule na hakuna jipya? Mnakula nini huko?

Akaiti


London, Kiritimati, 20 Februari 1999

Bibi yangu,

Nakuamkia wewe na Kinaai. Poleni na msiba. Moote amejikata mguu kwa panga, unapona. Boga letu limetambaa mpaka kwa jirani, tunagombana kidogo, tunapeana matunda, tunapatana.

Bibi, nisamehe kwa nitakayoandika. Umeniandikia kuta za fito. Umeniandikia kamba ya usumba, makopo, mlango, hata jogoo alivyolia. Waya umeuandikia neno moja, kwamba ni mzuri. Nilisoma nikasema labda umesahau. Wewe husahau?

Halafu wiki iliyopita meli imemleta Nei Tabera wa huko kijijini, amekuja kuishi kwa mwanawe. Anasema alipita kwako kuaga. Anasema waya mpya unaong'aa aliuona, lakini aliuona umezunguka nguruwe wa babu Uriam. Anasema banda lako ni zuri sana na kwamba ndani alihesabu kuku wanne. Na anasema kuna kamba umeifunga kutoka nguzo ya nyumba mpaka mlango wa banda, akadhani ni ya kuanikia nguo, mpaka jioni alipomwona Kinaai ameishika anatembea, hatua moja moja, uso ameuinua juu. Nei Tabera hakujua anachoniambia. Alikuwa anacheka, anasema mtoto anacheza mchezo wa kipofu.

Mimi sikucheka, Bibi. Nilimwambia nakwenda kutazama moto.

Niandikie idadi. Anakula mayai mangapi kwa wiki? Usiniandikie kwamba anakula mayai.

Na wewe uliniuliza, nitakujibu, kwa sababu mtu akidai ukweli na yeye autoe. Nilisema hakuna jipya. Lilikuwepo, mara mbili. Mara zote mbili halikukaa. Ya pili nilikuwa na miezi sita, na daktari wa hapa amesema nisijaribu tena. Ilikuwa Agosti. Ndiyo maana hukupata barua.

Taotin


London, Kiritimati, 2 Aprili 1999

Bibi,

Nakuamkia. Sijapata jibu lako na sitalingoja. Leo ni Ijumaa Kuu, Moote amekwenda kanisani, mimi nimebaki na karatasi hii tangu asubuhi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba yapo maneno mtu hamtamkii ndugu yake bila kufikiri, na kwamba kubwa kuliko yote ni bubuti, kwa sababu ukishaomba kwa jina hilo umemfunga mwenzako, hawezi kukataa na akabaki na uso wa kutazama watu. Sijawahi kukutamkia hata kwa sahani ya samaki.

Leo nakutamkia. Nakuomba Kinaai, kwa bubuti.

Siombi kwa sababu ya lile la Agosti. Najua utadhani hivyo, na watu watasema hivyo. Naomba kwa sababu hapa boga linaoza chini na zahanati ina vidonge, na mwanangu anatembea kwa kamba.

Mjukuu wako, anayekuheshimu hata leo,
Taotin


Onotoa, 11 Aprili 1999

Taotin,

Barua yako ya mwezi wa pili imefika wiki hii. Kwanza pole. Pole kwa wote wawili. Ningekuwa karibu ningekukanda mgongo na nisingesema neno. Nilikuuliza mnakula nini. Ningejua nisingeuliza.

Nei Tabera ana mdomo kama mlango wa kanisa. Nilikasirika siku mbili, siku ya tatu nikakosa wa kumkasirikia. Nitakuambia yote, na usinikatize.

Gunia lilishushwa pwani mbele ya watu. Uriam aliubeba waya ule begani mpaka kwangu, anausifu njia nzima, na alipoutua uani, mchungaji na mkewe wakiwepo, akaniomba kwa bubuti. Nguruwe wake walikuwa wanatoka kwenye boma na kufukua magimbi ya watu. Ni mdogo wa mume wangu. Ndiye aliyepanda mnazi kutugemea tembo babu yako alipokuwa mgonjwa, miezi minane, hakudai kitu. Nilimwambia chukua. Nilisema kwa sauti, nikacheka, kama mtu mwenye waya mwingine ndani. Nikaenda kukata fito.

Fito zilishika wiki tatu. Mumeo alisema palipo na fito hupita kila kitu, na alisema kweli, mwambie. Mbwa alisimama kwa miguu ya nyuma akatafuna pembeni, akala watatu kwa siku moja. Mmoja alikufa kwa kiu na mmoja kwa ugonjwa. Ndio hao wanne aliowahesabu Nei Tabera. Mbwa alirudi, sasa wamebaki mitetea wawili.

Umeuliza idadi. Januari alikula mayai manne au matano kwa wiki. Februari mawili. Machi walikuja wageni wa kanisa, wakalala kwangu, nikawapikia mayai siku mbili mfululizo. Kinaai alikaa pembeni ya mkeka. Hakuomba. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mtoto haombi mbele ya wageni.

Jicho la kushoto sasa lina doa jeupe. Dogo. Mareta amelitazama, akaenda kufungua tena kopo lake tupu la vidonge.

Nikueleze na la Pasaka. Tulikuwa wote kwenye ukumbi wa maneaba, kila ukoo mahali pake, wazee mbele, wageni wa kisiwa cha pili wamekaa upande wao, na chakula kilikuwa kidogo, aibu ya kijiji kizima. Uriam akasimama. Akageukia mahali petu, akasema kwa upole, hata sina la kumlaumu.

"Shemeji, wale kuku wako wawili. Nakuomba kwa bubuti, kwa ajili ya wageni."

Nikasema, "Hapana."

Watu walidhani nimekohoa. Akasema, "Hukunisikia, shemeji."

"Nimekusikia. Mpaka wavuvi walioko nje wamekusikia. Hapana."

Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, makusudi nisikie, kwamba Akaiti amewabatiza wale kuku, sasa ni wanawe. Wakacheka. Mzee mmoja akaniuliza kama nina homa. Wangeniuliza sababu ningesema nini? Nilimshika Kinaai mkono nikatoka naye kwenye jua. Miaka sitini na tisa sijawahi kumnyima ndugu, Taotin.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga uani kwangu. Zamu yangu ya kisima wananiachia ndoo bila salamu. Kuku wanataga, mmoja leo, mmoja kesho. Yai kila siku, sasa ndiyo. Naandika idadi kwenye nguzo kwa mkaa.

Uliniambia nimpeleke Tarawa. Nilikwambia nimemalizana na bahari. Sikuwa nimemalizana na bahari. Niliogopa kwamba wakishamwona huko hawatanirudishia.

Akaiti


Onotoa, 6 Juni 1999

Kwa mjukuu wangu Taotin,

Nakusalimu. Mguu wa Moote naamini umefunga. Mvua imeanza, si nyingi, lakini kisima kinanyweka ukikunja uso kwanza. Mshelisheli umetoa majani. Mke wa mchungaji amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya jogoo.

Meli ilikuja tarehe kumi na tisa Mei, na barua yako ya Ijumaa Kuu ilikuwemo, na vidonge vilikuwemo. Mareta alimpa Kinaai kimoja siku ile ile na cha pili kesho yake. Siku ya nne jua lilipozama alikuwa mlangoni pa banda, akaniambia, "Bibi, ile kamba mbovu, imekatika katikati." Nikamwuliza umejuaje. Akasema naiona. Ilikuwa imekatika kweli. Sikuiunga.

La kulia ni zima kabisa. La kushoto lina kovu. Mareta anasema doa lile halitatoka, anaona pembeni yake kama mtu anayechungulia nyuma ya kidole. Halitaendelea kuharibika, lakini halitapona. Sikukuficha.

Uriam alikuja. Wiki sita hakuniangalia, halafu asubuhi moja nikasikia kitu kizito kimetupwa uani, natoka, ni waya, umekunjwa, una matope ya nguruwe. Mareta alikuwa amemwambia. Alikaa chini, hakutaka mkeka. Akasema, "Shemeji, ungeniambia. Ningekuombaje waya wa macho ya mtoto?"

Mila yetu inakataza kunyima, haikukataza kusema. Angelijua asingeomba, na kijiji kingejua kingeniletea mayai kutoka nyumba kumi. Nilikuwa naogopa watasema Akaiti amechoka kulea. Basi.

Tumeuosha ule waya baharini, tumeuzungusha pande zote na chini. Uriam alipigilia, mimi nilishika. Anapigilia vibaya, nilimwambia. Kuku sasa ni sita, wanne wameletwa na watu, hawakusema kitu, walifungua mlango wakawatia ndani wakaondoka.

Sasa barua yako. Hukuwa na haja ya kutumia neno lile. Ungesema tu, Bibi, namtaka mwanangu. Lakini najua ungesema hivyo ningekujibu kwa matusi, kwa hiyo ulifanya vizuri. Nimekwisha kukataa bubuti moja kwa ajili yake. Yako sikatai, na ni kwa ajili yake vile vile. Mareta anakwenda Tarawa mwezi ujao kwa kazi yake, atamchukua mpaka mikononi mwa dada yake Moote, na huko watampandisha meli ya kwenu. Nguo zake chache nimezifua. Hapendi ngozi ya samaki, usimlazimishe. Usiku anataka kushika sikio la mtu ndipo alale. Nimemwambia anakwenda kwa mama yake. Akaniuliza mayai nitakula mimi yote? Nikamwambia nitajitahidi.

Usinitumie nauli. Siji. Goti halipandi ngazi ya meli.

Bado neno moja. Mimi nimeombwa maisha yangu yote, nimetoa mikeka, nimetoa nguruwe, nimetoa mume kwa bahari akarudi mgonjwa. Mwenyewe sijawahi kumtamkia mtu bubuti, nilijisifu kwa hilo. Leo nakutamkia wewe, na unajua haina hapana.

Kinaai atakua. Siku moja atashika kioo, atauliza jicho lile lilipatwa na nini. Moote ni mwema, atamwambia ni ukame. Na wewe utanionea huruma, utasema ndiyo mwanangu, ulikuwa mwaka wa ukame. Msimwambie ukame. Ukame ulitukuta sote, na watoto wa jirani wanaona. Mwambie kulikuwa na waya, na bibi yake akautoa, kwa sababu aliona haya kusema kwamba mtoto haoni. Mwambie hivyo hivyo, usilainishe.

Nakuomba.

Akaiti